Mheshimiwa mbunge, maliza boma moja kwanza

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa barua siukosi, na lalamiko ninalokutana nalo mara nyingi ni lile la mbunge kutoonekana jimboni. Naomba nafasi nieleze habari za jimbo ambalo mbunge wake alikuwa akionekana, tena sana. Msiba hakosi. Fainali ya ligi ya kata anafika na jezi na mpira mpya. Harambee ya kwaya yupo, futari ya Ramadhani yupo, harusi ya mtoto wa balozi wa nyumba kumi akishindwa kufika bahasha inafika. Pamoja na hayo yote, muhula wake wa kwanza ulipokwisha, maboma mengi, yaani majengo ambayo wananchi waliyaanza yakaishia kwenye kuta, aliyoyakuta hayana paa yalikuwa bado yanaangalia mbingu, na mapya yalikuwa yameongezeka.

Nilikuwa mtendaji wa kata mkoani Morogoro hadi nilipostaafu. Kwa kipindi fulani niliingia kwenye kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Jimbo silitaji na mheshimiwa simtaji, kwa sababu watendaji wenzangu wa mikoa mingine wamenisimulia mambo hayahaya, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kwa msomaji asiyeufahamu mfuko huu: ulianzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2009. Mwenyekiti wa kamati ni mbunge mwenyewe, katibu ni afisa mipango wa halmashauri, na wajumbe ni madiwani wawili, watendaji wa kata wawili na mtu mmoja kutoka asasi za kiraia zinazofanya kazi jimboni. Fedha zinatoka Serikali Kuu na kupitia halmashauri, na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anazikagua. Si nyingi. Mwaka mmoja jimbo letu lilipata Sh50 milioni na ushee, na mitaani watu walipoisikia hesabu hiyo wakaona mheshimiwa amepewa utajiri. Lakini mnakumbuka mwaka 2021, zilipokuja zile Sh1.3 trilioni za Uviko-19 kutoka IMF, Serikali ilipiga hesabu ya Sh20 milioni kwa darasa moja. Kwa hesabu hiyo, mfuko wa jimbo zima kwa mwaka mzima ni madarasa mawili na nusu. Ndiyo maana haukukusudiwa kuanza kitu kwenye msingi. Ulikusudiwa kuzikuta nguvu za wananchi pale zilipoishia na kuzisukuma hadi mwisho.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tukizitumia.

Kikao tulifanyia ukumbi mdogo wa halmashauri. Afisa mipango anakuja na faili la maombi, kila ombi limeambatishwa muhtasari wa mkutano wa kijiji na muhuri wake. Anayasoma: zahanati, darasa, nyumba ya mwalimu, choo cha shule, kivuko cha waenda kwa miguu, ofisi ya kijiji. Akimaliza, mheshimiwa anavua miwani na kusema yaleyale: "Wajumbe, mnanijua, mimi ni wa wote. Kila kata ipate chochote." Basi, hapo kikao kimegeuka cha kugawa. Kata hii saruji mifuko ishirini. Ile mabati kumi na tano. Kule nondo na misumari. Kabla chai haijaletwa fedha zote zimekwisha. Hakuna kata iliyokosa, na hakuna jengo litakalokamilika.

Aliyewahi kujenga hata banda la kuku anajua mabati kumi na tano hayapaui zahanati. Yale ya kata moja yaliwekwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, machache yakaenda jikoni kwa shule, mengine chooni, na yaliyobaki sikuwahi kupata maelezo ya kuniridhisha. Saruji nayo ilifika Aprili, masika yamekolea. Lori liliishia barabarani, mifuko ikapandishwa mlimani kwa vichwa na bodaboda, ikalazwa kwenye ofisi ya kijiji inayovuja. Fundi alisubiri mchanga, na wachota mchanga walisubiri mto upungue. Kufika Juni ile mifuko ilikuwa mawe. Taarifa ya utekelezaji iliandikwa "saruji mifuko 20 imepokelewa", na kweli ilipokelewa.

Watu wa kijiji kimoja cha juu walianza boma la zahanati yao miaka mingi kabla mheshimiwa hajaingia kwenye siasa. Tofali walifyatua na kuchoma wenyewe. Mchanga akina mama waliubeba kwa ndoo kutoka mtoni, zamu kwa vitongoji, na aliyekosa zamu alitozwa faini. Daftari mtendaji wa kijiji analo. Kuta zikafika lenta, yaani juu ya milango na madirisha, nguvu zikawaishia. Tangu hapo karibu kila mwaka walipata kitu kidogo kutoka kwenye mfuko. Mara saruji. Mara mbao, ambazo mchwa walizimaliza kabla bati la kwanza halijapatikana. Ndani ya chumba kilichopangwa kiwe cha kujifungulia uliota mpapai, ukazaa, watoto wakawa wanachuma. Wajawazito waliendelea kuteremshwa kwa machela hadi barabarani, halafu bodaboda hadi kituo cha afya.

Nilipanda kule kuhamasisha mchango wa darasa la shule shikizi, yaani tawi la shule iliyo mbali. Mzee mmoja akasimama mbele ya mkutano akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mtendaji, zile tofali zetu za kwanza zimefanya kazi gani?" Watu hawakucheka. Mchango wa darasa haukufika hata nusu.

Hasara ya namna hii haiwezi kuibuka kwenye ripoti ya CAG. Risiti zipo, hati ya mapokezi ipo, sahihi zipo. Fedha zikigawanywa vipande vipande hivyo zinaweza kupata hati safi kila mwaka, na kijiji kikabaki na kuta. Mimi ningependa mkaguzi aulize swali moja tu la nyongeza: jengo lipi limeanza kutumika?

Mwaka mmoja mambo yalikwenda tofauti, na aliyeyageuza hakuwa mheshimiwa wala mtaalamu. Alikuwa diwani wa viti maalumu, mama wa maneno machache, muuza maharage sokoni, ambaye vikao vingi alikuwa akiandika tu. Mwenyekiti alipofika kwenye "kila kata ipate chochote", akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, kata ninayotoka mwaka huu andika sifuri. Lakini ile zahanati ya juu ipauliwe, ipigwe lipu, iwekwe milango, iishe. Sisi mtatupa zamu ijayo." Diwani mwenzake alidhani anatania. Mimi nilimuunga mkono, mtendaji mwenzangu akafuata, na mjumbe wa asasi naye. Mheshimiwa akapima upepo, akaona kupinga itakuwa aibu. Alichouliza ni kimoja: "Sasa kule kwingine nikawaambie nini?" Yule mama akamjibu, "Kawaambie zamu yao ni lini."

Karibu fedha zote za mwaka ule zilikwenda pale. Mhandisi wa halmashauri alipanda mlima mwenyewe, jambo ambalo kwa mifuko ishirini ya saruji hakuwahi kulifanya. Kenchi zikapigwa, bati zikapanda, mpapai ukang'olewa. Na jengo likishakamilika, halmashauri haina tena pa kujificha, maana haiwezi kusema "tunasubiri wananchi wamalize". Ikabaki hoja ya watumishi.

Hapo ndipo nilipomwona mbunge akifanya kazi ya mbunge. Bungeni alipata nafasi ya swali la nyongeza, akataka kujua lini zahanati ile itapelekewa wahudumu. Jibu lilikuwa lile tunalolijua sote, kwamba watapelekwa kadri Serikali itakavyoajiri. Kwa kawaida mambo yangeishia kwenye klipu ya WhatsApp, klipu ya swali peke yake, jibu limekatwa (vijana wake ni hodari sana wa kukata). Safari hii alichukua barua ya mkurugenzi wa halmashauri akaenda nayo TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri. Akarudi tena. Akakaa kwenye viti vile vya mapokezi kama mwananchi mwingine yeyote, mpaka tabibu na muuguzi wakapangiwa. Kazi ya kukaa mapokezi wizarani haina mpiga picha, wala huitundikii bango. Lakini dawa za kwanza kutoka Bohari ya Dawa zilipofika barabarani, waliozibeba hadi juu ni akina mama walewale wa mchanga, na safari hii hakuna aliyehitaji kutishiwa faini.

Mtadhani kisa kimeishia vizuri. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Kata zilizokosa zilimsubiri kwenye kura za maoni ndani ya chama, wajumbe wanaopiga kura hizo wakalishwa maneno kwamba huyu ni mbunge wa mlimani. Aliponea chupuchupu. Yule mama wa maharage hakuponea, viti maalumu akapewa mwingine. Kikao cha kwanza cha kamati baada ya uchaguzi tuligawa mifuko ishirini ishirini, na ile zamu aliyoahidiwa haikutajwa na mtu.

Kwa hiyo namtendea haki mheshimiwa. Hakuwa mwizi, katika vikao nilivyokaa sikuona hata senti ikiingia mfukoni mwake. Alikuwa mwoga wa kura, na aliyemtia woga ni sisi wapiga kura na wajumbe wetu. Tunamhesabia misiba aliyohudhuria. Tunamuuliza "umetuletea nini" hata pale jibu la haki lingekuwa "mwaka huu hamna, mwakani ndiyo nyinyi". Diwani akirudi kijijini na bati tano anapigiwa vigelegele. Akirudi na tarehe ya zamu anazomewa.

Wapo wanaosema mbunge asiwe kabisa kwenye mfuko huu. Mwaka 2009 asasi kadhaa za kiraia ziliupinga muswada kwa hoja kwamba Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na msimamizi hawezi tena kuwa mtumiaji wa fedha anazozisimamia. Wenzetu Kenya walioanza na mfuko wao mwaka 2003 wamefika nayo mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume cha Katiba, suala la mgawanyo wa madaraka likiwa miongoni mwa hoja. Ni hoja nzito na iko siku nasi itabidi tuijibu. Lakini sheria tuliyo nayo leo ndiyo hii, na mjamzito wa mlimani hawezi kusubiri wanasheria wamalize.

Ombi langu kwa wabunge ni dogo na halihitaji kubadili sheria. Kamati ikae mara moja, ipitie maboma yote ya jimbo pamoja na mhandisi, iyapange kwa foleni: lipi limefikia lenta, lipi linahudumia watu walio mbali zaidi na huduma, wananchi wapi wameshatoa jasho lao. Orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, ikiwa na saini ya mwenyekiti, na isomwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kwa taratibu zetu inapaswa kufanyika kila robo mwaka. Anayetaka foleni ibadilishwe aje kubishana hadharani, si usiku nyumbani kwa mheshimiwa. Mbunge akibadilika kwenye uchaguzi, anayeingia aanzie pale foleni ilipofika. Saruji isinunuliwe mpaka mchanga na fundi wawe tayari, na isinunuliwe masika.

Na kwa wapiga kura wenzangu, hasa wajumbe. Mheshimiwa akija safari ijayo, mkishapokea jezi, mwulizeni boma lipi atalimaliza mwaka huu na letu liko nambari ngapi. Akitaja nambari, iandikeni kwenye muhtasari wa mkutano na mtendaji agonge muhuri. Mimi sasa ni mwanakijiji wa kawaida, na boma la darasa letu ni jipya, limeishia kwenye madirisha. Likipangwa la mwisho kwenye orodha sitalalamika, ilimradi orodha iwepo na boma la kwanza lianze kupauliwa.

Mtendaji wa kata mstaafu,
Mkoa wa Morogoro