Tunamtafutia Rehema mwalimu wa Hisabati

Tabata, Dar es Salaam

Kwako shoga yangu Tatu,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua kama kila masika, na Baba Rehema yuko safari ya Tunduma, atarudi wiki ijayo Mungu akijalia. Poleni sana na msiba wa mama mkwe. Zai ndiye aliyenipa habari. Rambirambi yetu nilimtumia Kaka Deo kwa simu, naomba uniambie kama ilifika maana hajajibu mpaka leo.

Nisikuzungushe. Nakuandikia kwa sababu ya Rehema na Hisabati, tena naandika kwa kirefu kwa kuwa kwenye simu tunakatizana kila mara, wewe na wanafunzi wako, mimi na wateja wangu.

Ripoti ya nusu muhula imekuja. Kiswahili A, Historia B, Baiolojia C, Hisabati 19. Hata hiyo D ya 30 iko mbali. Mwalimu wa darasa ameandika pembeni "aongeze juhudi". Tatu, huyu mtoto juhudi anazo. Saa tano usiku namkuta amelala na daftari la Hisabati kifuani, kalamu imemchora shavu. Anataka PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, anataka kujenga madaraja, tangu siku ile tulipompitisha daraja la Tanzanite akiwa bado shule ya msingi. Sasa shuleni kuna mtu amemwambia aachane na ndoto hiyo, wasichana wengi wanakimbilia masomo ya sanaa. Alinieleza huku anaosha vyombo, wala hakunitazama. Nilikasirika mno. Mtu mzima unamwambiaje mtoto wa kidato cha tatu hivyo, na mtihani wenyewe ni Novemba mwakani?

Na wala si yeye peke yake, wewe unajua kuliko mimi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama asilimia 20 tu. Ya 2023 wakafika kama 25, wakati Kiswahili wanafaulu zaidi ya asilimia 90. Katika kila watoto wanne, watatu chini. Mimi siamini kabisa kwamba watoto watatu kati ya wanne hawana akili ya hesabu.

Basi hapa mtaani nilipotaja tu neno tuisheni, kila mtu ana mwalimu wake wa kunipa. Mama Jane ananiambia nimpeleke lile banda la nyuma ya soko, kwa yule mwalimu anayesifika. Wifi anasema nitafute mwanachuo aje nyumbani. Na mwalimu wake mwenyewe wa shule ana pindi la jioni la kulipia. Hilo la mwisho nalimaliza haraka: Rehema anasema mchana darasani mwalimu akifika katikati ya swali anawaambia "hili tutalimalizia jioni", na jioni wanaingia waliolipa tu. Najua madarasa yamejaa na walimu wa Hisabati hawatoshi, na mshahara wa mwalimu naujua kupitia kwako. Lakini kumkatia mtoto somo katikati ili mzazi alipie nusu iliyobaki, hapana. Senti yangu haiendi huko.

Banda nililiendea mwenyewe. Niliomba kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi, na kijana mmoja akanisogezea nafasi kwa heshima. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba mwalimu anatumia kipaza sauti. Na kwa kweli ni fundi yule mtu. Anachukua pepa za nyuma, swali moja baada ya jingine, chaki haipumziki. Anaandika mstari, anageuka, "Tuko pamoja?" Wote, "Ndiyooo!" Anaandika mstari mwingine, "Tuko pamoja?" "Ndiyooo!" Ubao ukajaa, akafuta, akaendelea. Mle kwenye swali alihamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili, jumlisha ikawa toa. Nikamwuliza yule kijana pembeni yangu kwa sauti ya chini, kwa nini imegeuka? Akaniambia, "Mama, ndivyo inavyokuwaga, ikivuka inabadilika." Na yeye alikuwa mmoja wa waliojibu ndiyo kwa nguvu zote.

Simkosoi mwalimu yule. Mtoto wa Zai alipita pale na akatoka na B, lakini mtoto wa Zai aliingia akiwa na msingi wake, alichohitaji ni mazoezi na mbio. Kwa mtoto kama huyo shilingi 20,000 kwa mwezi ni bei nzuri sana. Rehema akiingia pale ataitika ndiyo pamoja na wenzake, atanakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri, na atarudi nyumbani hajui kitu. Halafu wanatoka saa moja usiku, giza limeshaingia, na foleni ya daladala unaijua.

Ngoja nikueleze nilichokiona kwenye daftari lake, maana hapo ndipo kiini cha barua hii.

Jumapili nilikaa na madaftari yake yote kuanzia ya kidato cha kwanza. Nilikuwa nafuata alama nyekundu tu. Mwanzoni nilidhani nitaona mada zinazomshinda: logarithimu, duara, ile ya Dunia kama tufe. Sivyo. Nimekuta makosa yaleyale mawili matatu yanajirudia katika kila mada, kila mwaka. Nusu kujumlisha theluthi, anaandika mbili ya tano. Anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mabano ya x + 3 yakipewa kipeo cha pili, anaandika x kipeo cha pili jumlisha 9, ile 6x ya katikati haipo. Na namba hasi ndiyo zinamwumiza kuliko vyote. Kuna swali la kidato cha tatu, ukurasa mzima, kanuni ameiandika sawasawa, amepachika namba sawasawa, halafu mstari wa nne kuna toa mbili zimekutana, akateleza, na kuanzia hapo chini kila kitu kimeharibika. Mwalimu amepiga mkasi mmoja mkubwa ukurasa mzima. Hakuzungushia ule mstari wa nne. Mtoto ameangalia mkasi ule akaamini kwamba hajui mada nzima, kumbe mada anaijua!

Ndiyo maana nasema huyu hahitaji mtu wa kumkimbiza kwenye pepa za kidato cha nne sasa hivi. Anahitaji mtu wa kurudi naye kwenye sehemu na namba hasi za kidato cha kwanza, hata za darasa la sita, bila kumwaibisha. Wewe ndiye fundi, kama nimekosea nisahihishe.

Kitu kingine. Jioni ileile tulikuwa tunachambua mchele, nikamwuliza kama mazungumzo tu: watu 8 wanalima shamba kwa siku 12, wakiwa 6 watalima kwa siku ngapi? Akasema 16 bila hata kuacha ungo. Nikaenda nikamwonyesha swali la namna hiyohiyo kwenye daftari lake, limeandikwa Kiingereza, mistari mitatu. Aliliacha tupu. Miaka saba alisoma Hisabati kwa Kiswahili, kisha akafika kidato cha kwanza kila kitu kikageuka ndani ya wiki moja. Kwa hiyo mwalimu nitakayemchukua lazima awe tayari kumweleza kwa Kiswahili kwanza, aelewe, ndipo amvushe kwenye Kiingereza cha mtihani. Wapo wanaoona kumweleza mtoto kwa Kiswahili ni kumdekeza. Mimi sioni hivyo.

Sasa mwanachuo. Ni yule mtoto wa pili wa Mzee Kapinga, yuko DUCE, kile chuo kikuu cha ualimu hapa Dar, mwaka wa pili, Hisabati na Fizikia. Alikuja Jumatano. Kabla hatujazungumza pesa aliomba madaftari. Akayapekua kimya, kisha akamwandikia Rehema swali moja tu: hasi 3 toa hasi 5. Rehema akaandika hasi 8. Yule kijana hakusema umekosa. Alichora mstari wa namba kwenye karatasi, akamwambia weka kidole kwenye hasi 3, kama una deni la elfu tatu na mtu akakufutia deni la elfu tano, unaelekea wapi? Rehema akasogeza kidole, akasimama kwenye 2, akainua uso akanitazama mimi wala si yeye. Yule mtoto sijamwona na uso ule mbele ya hesabu tangu aingie sekondari.

Nilikukumbuka hapo hapo. Unakumbuka prepo, yale masomo ya usiku shuleni, tulivyokuwa tunakuzunguka na madaftari? Hukuwahi kutupa jibu hata siku moja. "Niambie kwanza wewe umeonaje." Mwajuma alikuwa analia kabisa, anataka jibu akalale! Na Mwajuma ndiye leo anayeshika vitabu vya hesabu vya SACCOS nzima.

Lakini kijana huyu nina wasiwasi naye wa aina mbili. Kwanza mwezi wa saba anaondoka kwenda mazoezi ya kufundisha, na hajui atapangiwa mkoa gani. Mtoto anaanza kusimama, mwalimu anaondoka. Pili, ni kijana, na Rehema ana miaka 16. Simtuhumu, kwao nakujua na adabu yake nimeiona, ila Baba Rehema atauliza swali hilo kabla hajavua viatu. Nimefikiri wakae barazani, mama akiwepo, na tumwongeze binti wa Mama Jane wawe wawili. Gharama tutagawana, na nadhani wawili watasaidiana pia, maana mmoja akimweleza mwenzake ndipo unapojua kama kweli ameelewa. Anaomba 10,000 kwa kila kipindi, siku mbili kwa wiki. Tukigawana tunaweza. Peke yangu ningeumia, biashara ya vitenge mwezi huu imelala.

Mwenyewe amesema jambo moja lililonifurahisha: akiwa mazoezini Rehema awe anampigia picha kazi zake na kumtumia, naye amwonyeshe mstari alioteleza. Mstari, siyo swali zima. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nimepakua pia kile kitabu cha Baraza la Mitihani cha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, cha Hisabati, kipo bure kwenye tovuti yao. Umeshawahi kukitumia na wanafunzi wako? Majibu ya watoto yamewekwa kama walivyoyaandika kwa mkono wao, yaliyopatikana na yaliyokoseka, na chini wanaeleza kosa liko wapi. Rehema alikisoma kama gazeti, anasema "mama, huyu amefanya kama mimi". Na vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili tumevipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa hiyo gharama ya vitabu imeondoka.

Nilichokuwa nataka kukuomba ni hiki. Mtungie Rehema jaribio, lisiwe la kidato cha tatu. Lianze chini, sehemu, namba hasi, mabano, milinganyo midogo, lipande taratibu mpaka kidato cha pili, tuone mguu unateleza wapi hasa. Nitumie kwa simu, atafanya mbele yangu bila msaada, nitakupigia picha kila ukurasa. Halafu uzungumze na yule kijana wa Kapinga robo saa tu. Mimi nimeona moyo wake, ila Hisabati yake siwezi kuipima. Wewe utamjua kwa maswali mawili.

Kutoka 19 mpaka C ya 45 ndani ya mwaka na nusu inawezekana, au najidanganya kwa sababu ni mwanangu? Wewe wanafunzi wako waliotoka chini hivyo walifanya nini? Siku mbili kwa wiki zinatosha, au hata dakika ishirini kila siku peke yake zina faida kuliko hizo? Pepa za nyuma tuanze nazo lini, likizo ya Desemba au mwakani? Na kuhusu yule aliyemwambia aende sanaa, niende shuleni nikaongee naye au nitamharibia mtoto? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na huko kwako, Salumu ameshapona mkono? Unakuja lini Dar, au mpaka tuje kukuvuta?

Nijibu kabla ya Jumamosi tafadhali, kijana anasubiri neno langu na kuna mzazi mwingine Kimanga anamtaka.

Msalimie shemeji na watoto wote. Mama anakusalimu, anasema ukija umletee ulanzi, na mimi nasema usimletee.

Ni mimi mwenzio,
Mama Rehema