Beseni la ndege kina chake ni kidole

Mhariri,

Yale mabeseni ya simiti yenye mguu mrefu, yanayouzwa pamoja na miche kando ya barabara hapa Nakuru, mnunuzi huambiwa ni ya ndege kuogea. Pita kwenye bustani yalikowekwa, utakuta maji yamelala, yamegeuka kijani, na ndege wanayaruka kwenda kwenye kidimbwi cha mfereji unaovuja kwa jirani. Kwa shore au jurawa, beseni lenye kina cha sentimita 15 na ukuta uliolainishwa kwa rangi ni kisima. Hatii mguu mahali asipogusa chini.

Kipimo ni kidole cha shahada. Ukingoni maji yafunike ukucha tu, kama sentimita 1. Katikati yasipite kiungo cha pili, kama sentimita 5. Mteremko uwe wa polepole na sakafu iwe na mikwaruzo ya kushika kucha. Sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua inafanya kazi hii vizuri kuliko mapambo ya maelfu ya shilingi. Sufuria na karai hazifai, kwa kuwa zinateleza na jua la saa saba huyapasha maji moto sana.

Anayetaka kumimina lake achanganye gorogoro moja ya simiti na tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Hiyo inatoa beseni la upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 4. Tengeneza kichuguu cha mchanga wenye unyevu, kipana na kifupi, kimo chake sentimita 5, kisha kifunike kwa jani la mgomba. Mishipa ya jani itaacha mikwaruzo ile tunayoitaka. Tandaza nusu ya mchanganyiko, laza kipande cha waya wa kuku, malizia nusu iliyobaki, halafu sawazisha juu maana ndipo patakuwa kitako. Funika kwa gunia bichi siku saba, ukilimwagia maji asubuhi na jioni. Yanayopasuka mara nyingi yalikorogwa kwa maji mengi au yaliachwa yakauke juani siku ya kwanza. Likishageuzwa, lijaze na kulimwaga kila siku kwa wiki moja au mbili kabla halijatumika, kwa sababu simiti mpya hutoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na wengi.

Maji yaliyotulia huchukua muda kugunduliwa na ndege. Yanayodondoka hujitangaza yenyewe, kwa mlio na kwa kumeta. Utauliza, ninunue pampu ya sola? Nyingi za zile ndogo zinazoelea hazina betri, wingu likipita zinanyamaza, na siku ya upepo hutupa maji yote nje ya beseni. Mtungi wa plastiki wa lita 5 na mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa ni bora zaidi. Tundika mtungi tawini, mita moja juu ya beseni, na uzungushe kile kigurudumu cha mpira hadi upate tone moja kila sekunde. Kwa mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni mililita 180 kwa saa, yaani lita 2 na kidogo tangu alfajiri hadi magharibi. Toboa tundu la sindano karibu na kifuniko ili hewa iingie. Bila tundu hilo matone hukoma baada ya muda, na mwenyewe hudhani mpira umeziba. Chuja maji kwa kitambaa, na urekebishe kigurudumu kila asubuhi kwa kuwa tone hupungua kasi kadiri mtungi unavyopungua.

Hua, minana na chiriku ndio watakaotangulia. Wanakula mbegu kavu, kwa hiyo sharti wanywe kila siku, na Januari na Februari hapa Bonde la Ufa hali huwa ngumu. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ni habari nyingine, kwani ni nadra kumwona ameingia beseni. Yeye hujisugua kwenye majani yaliyolowa. Nyunyizia mpira wa maji kwenye majani mapana ya mgomba saa tatu asubuhi, karibu na mshubiri uliochanua, na atakuja. Hata heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, wanaolishwa na maji ya magadi, huenda kwenye chemchemi na midomo ya mito kutafuta maji baridi ya kunywa na kuoga.

Wasomaji wa Kisumu na vijiji vya ufuoni wataniuliza habari ya mbu, na wana haki, malaria si mzaha huko. Tone halitoshi kumfukuza mbu, kwa sababu pembezoni maji hubaki yametulia. Kinachotosha ni kumwaga yote kila baada ya siku mbili. Yai la mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kufikia kuruka, hivyo kiluwiluwi hawezi kukuwahi. Ila usimwage tu. Yule mbu mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana, hubandika mayai ukutani juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu. Lazima brashi ipite pale. Maji yamwagwe kwenye udongo, kamwe si mtaroni. Mara moja kwa wiki sugua kwa jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, acha dakika kumi, suuza sana, kausha juani. Anayemwaga beseni la ndege kwa hofu ya mbu na kuacha matairi nyuma ya nyumba anapigana na mbu asiye wake.

Wafugaji wa kuku waliweke mbali na banda na juu ya nguzo ya mita moja. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, huweza kuenea pale kuku na ndege wa porini wanapochangia maji na vinyesi. Paka naye anataka kichaka cha kujificha, kwa hiyo acha mita mbili au tatu za ardhi tupu kuzunguka beseni. Usizidishe, ndege aliyelowa haruki mbali. Dirisha kubwa la kioo liwe chini ya mita moja kutoka hapo au zaidi ya mita kumi. Katikati ya vipimo hivyo ndege anayeshtuka hupata kasi ya kujiua. Nyuki wakilivamia wakati wa kiangazi, wape sahani yao yenye changarawe upande wa pili wa shamba, kabla hawajazoea ya kwanza. Nyuki akishazoea chanzo cha maji ni vigumu kumhamisha.

Maji yanayofurika chini ya nguzo yapandiwe nduma, na kipande kidogo kiachwe tope tupu. Mbayuwayu huchota hapo udongo wa kiota.

Aliyekwisha kununua lile beseni la mguu mrefu asilitupe. Asijaze kokoto pia, kwani mbu hutaga katikati yake na brashi haifiki. Akwaruze rangi kwa msumari, alowanishe, amimine simiti na mchanga hadi kibaki kina cha sentimita 5 katikati, apitishe ufagio wa njukuti juu yake kabla haijashika, kisha alimwagilie siku saba kama jipya. Mafundi wanaoyauza nao wanaweza kufanya hivyo hivyo kabla hayajatoka kiwandani, na mguu ule ule ukabaki.

Mtunza bustani,
Lanet, Nakuru