Maduka ya pombe Mwanza yaandike ujazo, kilevi na bei mtandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye maduka ya pombe hapa Mwanza, kuanzia katikati ya jiji hadi Igoma na Nyegezi, waboreshe namna wanavyotangaza bidhaa zao mtandaoni, kwa kuwa sisi wanunuzi, hasa wanakamati wa sherehe, hupanga bajeti kwa kuziangalia kurasa hizo kabla hatujafika dukani.

Kinachokosekana zaidi ni ujazo. Picha nyingi huchukuliwa kwenye tovuti za nje, na pombe kali ya soko la Ulaya kwa kawaida hujazwa katika chupa ya mililita 700, ilhali ya Marekani huwa ya mililita 750. Pichani chupa hizo zinafanana, lakini anayelinganisha bei za maduka mawili bila kujua ujazo anapotoshwa. Mwenye duka apige picha ya chupa iliyopo kwenye rafu yake, lebo isomeke na stempu ya kodi ya TRA ionekane, kisha aandike ujazo na asilimia ya kilevi. Konyagi ina asilimia 35 na wiski nyingi zina 40, na anayewapangia wageni vinywaji anazihitaji tarakimu hizo kuliko sifa za "kinywaji bora kabisa".

Mvinyo uelezwe kama ni mkavu au mtamu, na umetoka wapi. Wa Dodoma una wapenzi wake, nao hutafuta kwa kuandika jina la mkoa huo. Lisipokuwapo kwenye tangazo, hawalioni duka.

Kwa bia, isemwe kama bei ni ya chupa au ya kreti, na kama chupa tupu zinalipiwa kando. Mteja wa Ukerewe, ambaye mzigo wake unavuka ziwa, hawezi kurudi jioni hiyo kudai tofauti. Ule mtindo wa "bei njoo inboksi" naupinga kabisa, na bidhaa iliyokwisha iondolewe siku hiyo hiyo.

Tangazo liseme pia kwamba mpokeaji ataonyesha kitambulisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe. Dereva wa bodaboda anayefikisha mzigo mlangoni ndiye pekee anayemwona mpokeaji, na sharti hilo likiwa limeandikwa tangu mwanzo, hatalazimika kubishana na kijana aliyetumwa kuupokea.

Mwanakamati wa sherehe,
Nyegezi, Mwanza