Intaneti imepotea baada ya kusasisha keneli? Usifute ile ya zamani

"Fundi, umeandika mistari miwili tu Wi-Fi ikarudi, halafu unanitoza kana kwamba umebadilisha mashine." Lalamiko hili tunalisikia mara kwa mara, na mteja wa mwisho kulitoa aliondoka akiamini tumemwibia. Tunamheshimu, kwa hiyo tunaeleza kazi yenyewe.

Kwenye Linux, kila toleo la keneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya mashine, lina folda yake ya moduli (vipande vya programu vya keneli, zikiwemo draiva) chini ya /lib/modules. Draiva zilizomo ndani ya keneli huja nayo. Lakini baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom na Realtek hutegemea draiva ya nje, ambayo lazima ijengwe upya kila keneli inapobadilika. DKMS, programu ya kujenga upya draiva za nje, huifanya kazi hiyo yenyewe, mradi heda za keneli mpya (mafaili yanayohitajika kujengea draiva) zipo. Zikikosekana, draiva haijengwi, na ukiwasha mashine Wi-Fi haipo kabisa. Hapo ndipo mteja anapozimazima ruta na kugombana na kampuni ya intaneti, ilhali simu yake imeshika mtandao uleule bila shida.

Sisi huanza na keneli ya zamani. Mashine inapowaka tunafungua menyu ya GRUB (programu inayopakia mfumo), tunaingia "Advanced options" na kuichagua. Intaneti ikirudi, basi kadi ni nzima, ruta ni nzima, na kosa liko upande wa keneli mpya. Ndipo tunaiwasha hiyo mpya: `lspci -k` inaonyesha kadi imeshikwa na draiva gani, `dkms status` inaonyesha kilichojengwa, na `dmesg` inataja kilichokosekana. Mara nyingine ni fimuwea, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Mara nyingine Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoaminika mashine inapowaka, imeikataa moduli isiyo na saini, na hakuna kujenga upya kutakakosaidia mpaka ufunguo wa saini usajiliwe. Kwenye seva huwa tunakuta jina la kadi limebadilika, enp3s0 imekuwa enp4s0, na faili la mipangilio bado linataja la zamani. Draiva iko sawa, ila anwani ya mtandao haipatikani.

Njia ya mkato inayotuletea wateja wengi ni kupakua draiva mtandaoni na kuipachika kwa `make install`. Inafanya kazi, na ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini moduli hiyo imekaa kwenye folda ya keneli moja tu. Sasisho lijalo likija, Wi-Fi inapotea tena. Kuna mteja aliyekuwa akiirudia kazi hiyo kila sasisho, mpaka tulipoing'oa draiva yake na kuweka ya DKMS.

Mwingine alifuta kila kitu akaweka mfumo upya. Hesabu za biashara yake zikaenda, kwa sababu hakuwa na nakala. Na mfumo mpya ulipojisasisha ulileta keneli ileile, Wi-Fi ikabaki imekufa. Huyo alilipia kurejeshewa mafaili, na yale machache yaliyopatikana yaligharimu kuliko marekebisho ambayo angelipia mwanzoni.

Kwa hiyo ndiyo, amri ni fupi. Unachotulipia ni kujua ni amri ipi, na kazi inayofuata: tunasasisha tena, tunawasha upya, tunajaribu Wi-Fi na kebo, na tunahakikisha keneli moja ya zamani inayofanya kazi imebaki. Hatukabidhi mashine kabla ya hapo, hata mteja akiwa amesimama mlangoni ana haraka.

Yakikukuta, washa na keneli ya zamani uendelee na kazi zako. Ikiwa ulishaifuta ili kupata nafasi kwenye /boot (mahali keneli zinapohifadhiwa), unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi hiyo inatosha kupakua heda. Kwenye Ubuntu, jaribu `sudo apt install linux-headers-generic`, kisha `sudo dkms autoinstall`, na uwashe upya. Wi-Fi ikirudi, huna haja ya kutuletea mashine. Isiporudi, ilete kama ilivyo, pamoja na chaja yake, na utuambie kila ulichojaribu.