Zuhura, usiilipe ile sendofu

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Morogoro. Huku mvua, wote wazima, na Mama Salma anauliza bakuli lake litarudi lini. Ujumbe wako wa Jumatatu umeninyima raha, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Kwenye simu hatumalizi neno kabla mtoto wa upande mmoja hajalia.

Umesema wiki tatu hukugusa ugali, chapati wala sukari. Jumamosi ukaenda sendofu ya Mwajuma, ukala kama watu wanavyokula. Jumapili asubuhi mizani ikaonyesha kilo mbili zaidi, ukashinda na maji ya ndimu mpaka magharibi, usiku ukanywa ile chai ya kupunguza tumbo uliyouziwa saluni. Jumatatu saa nne asubuhi, vitumbua sita mfululizo. Halafu unaniandikia kwamba huna nidhamu.

Zuhura, Jumamosi haikuharibu kitu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili ulale na kuamka na kilo mbili za mafuta, ungekula kalori 15,400 juu ya zile mwili unazotumia, na hakuna sufuria ya pilau Tabata nzima inayoweza kukufanyia hivyo usiku mmoja. Chukua sahani iliyojaa, nyama ya ndafu, sambusa mbili, soda mbili na kipande cha keki, tuseme kwa ukarimu ulizidisha kalori 1,500. Hizo hazifiki hata gramu 200 za mafuta. Uzito uliobaki karibu wote ni maji. Wiki tatu uliunyima mwili wanga, akiba yake kwenye ini na misuli ikapungua. Wali ulipoingia akiba ikajazwa, na kila gramu ya wanga inayowekwa hapo hushika maji gramu tatu hivi. Weka na chumvi ya pilau, weka na chakula chenyewe ambacho Jumapili asubuhi kilikuwa bado kimo tumboni. Ungekula kawaida tu, kufikia Jumatano au Alhamisi sehemu kubwa ingekuwa imetoka yenyewe. Na ukiwa karibu na siku zako, ndiyo kabisa, mizani ya wiki hiyo usiipe uzito wowote.

Kilichoharibu ni Jumapili. Ulishinda njaa kulipia deni ambalo halikuwapo, Jumatatu njaa ikadai chake. Mtu akishinda na maji ya ndimu siku nzima, kesho yake hamalizii kwenye kitumbua kimoja, awe na nidhamu ya namna gani.

Hiyo chai nayo, tafadhali, acha leo. Angalia nyuma ya paketi. Nyingi zake zina sanamaki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha, kazi yake inafanyika kwenye utumbo mpana saa sita hadi kumi na mbili baada ya kunywa. Wakati huo nguvu ya chakula imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unachotoa ni maji na madini, hasa potasiamu. Wewe unatumia kidonge cha presha kile kinachokojoza, ambacho nacho huweza kupunguza potasiamu. Vikikutana viwili unaweza kupata kukakamaa kwa misuli, kuishiwa nguvu, hata mapigo ya moyo kwenda ovyo. Ukiwa umeshaanza kuona lolote kati ya hayo usisubiri kliniki ya mwezi, nenda upimwe, na paketi uende nayo.

Sasa tuje kwenye raha, maana sitaki uache sendofu. Ihesabu kwa wiki, siyo kwa siku. Ukipunguza kalori 400 kila siku kwa siku sita, una 2,400. Jumamosi ukizidisha 800, bado umebaki na 1,600, sawa na gramu 200 hivi za mafuta kwa wiki. Ni polepole, lakini unashuka huku unakula pilau. Angalia sasa msimu wa harusi unavyokuwa: Ijumaa kicheni pati, Jumamosi sendofu, Jumapili mnaenda kumaliza makombo kwa shangazi. Siku nne za kujibana zinakupa 1,600, siku tatu za kuzidisha 600 zinachukua 1,800. Wiki nzima umejinyima na umeongezeka. Ndiyo maana nasema chagua moja. Nyingine nenda, cheza, tunza, lakini sahani iwe ya siku za kawaida.

Na hiyo moja usiende na njaa. Kadi inasema saa kumi na mbili, bafe inafunguliwa saa nne usiku, katikati hapo watu wanakunywa soda na kutafuna karanga kwa kuchoka kusubiri. Saa kumi na moja kula mayai mawili ya kuchemsha au bakuli la maharage na tunda. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, vijiko vinane vya chai, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, 25 ikiwezekana. Kunywa moja, tena pamoja na chakula, zilizobaki maji. Kwenye bafe, nusu ya sahani kachumbari na mboga, kisha nyama, pilau upawa mmoja iwe ya mwisho kuwekwa. Watu wengi huanza na wali, sahani ikajaa kabla hawajafika kwenye nyama. Kama keki ndiyo unayoipenda, iache sambusa. Kula unachokitamani kweli, siyo kila kilichopangwa mezani.

Chapati nayo irudishe, kwa sababu kuikataa kabisa ndiko kunakoifanya ikuite. Chapati kubwa ya gramu 75 za unga na kijiko kikubwa cha mafuta inakaribia kalori 400. Nusu kilo ya unga itoe madonge kumi, gramu 50 za unga kila moja. Kanda kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, funika, acha nusu saa. Unga uliopumzika unasukumika bila kuomba mafuta. Ndani ya mikunjo paka kwa mgongo wa kijiko, usimimine. Ichome kwanza kavu pande zote mbili mpaka madoa yatokee, ndipo upake mafuta, jumla kijiko kimoja cha chai kwa chapati. Hapo unashuka mpaka kalori 220 hivi. Kosa linalofanyika sana ni moto mdogo: chapati inakaa kwenye kikaango muda mrefu, inakauka, mpishi anaongeza mafuta kuiokoa. Kikaango kiwe cha moto, chapati itoke mapema, uzifunge kwenye kitambaa ndani ya hotipoti, mvuke wake ndio utazilainisha. Kula moja au mbili na maharage na mchicha, kisha nyanyuka mezani.

Unapobana, bana pasipokuuma. Chai tatu kwa siku, kila moja vijiko vitatu vya sukari, ni kalori 140 na zaidi ambazo hata hazikushibishi. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu, maana kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Kisamvu cha karanga na tui zito kihesabu kama kitoweo kizito, siyo kama mboga. Kwa mama ntilie omba ugali nusu, maharage zaidi, samaki wa kuchoma au mchuzi badala ya wa kukaanga. Na ugali sijui nani alikuambia ni adui. Donge la ukubwa wa ngumi yako, la dona ukilipata, halikuzuii kupungua.

Mizani panda asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, kisha uchukue wastani wa wiki. Kesho yake baada ya sherehe usipande kabisa. Ujue, lile tarakimu la Jumapili ndilo lililokupeleka kwenye ndimu, ndimu ikakupeleka kwenye vitumbua. Asubuhi baada ya sherehe kunywa chai, kula yai na tunda, tembea nusu saa kama siku nyingine. Funga zako za Jumatatu na Alhamisi ni ibada, siziingilii, ila nia isiwe kulipia pilau, na futari isiwe kaimati.

Sasa nijibu. Hiyo chai umekunywa siku ngapi? Miguu inakukaza usiku? Daktari alikuambia uache ugali, au ni maneno ya kundi lile la WhatsApp? Unalala saa ngapi siku hizi, maana ukikosa usingizi njaa ya kesho yake inakuwa ya kupitiliza? Harusi ya Mwajuma yenyewe ni wiki ijayo au inayofuata, na kati ya kicheni pati na harusi umechagua ipi? Shemeji anakula unachopika, au unapika mara mbili? Bakuli la Mama Salma je?

Nijibu la chai kwanza, hata kwa ujumbe mfupi, leo hii.

Wako,
Asha