Risala ya walimu waliorejea kutoka ziara ya mafunzo Ufini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe Mheshimiwa kwa kuacha majukumu yako mengi. Barabara ya kuja huku tunaijua.

Urafiki wetu na Ufini ni wa siku nyingi na muda hautoshi. Itoshe kutaja kwamba Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, zile za kaskazini mwa Ulaya, Ufini ikiwemo.

Mafanikio ya ziara ni makubwa mno. Tumejionea watoto wanaoanza darasa la kwanza na miaka 7, wakifundishwa na walimu wenye shahada ya uzamili. Tumezuru maktaba ya Oodi jijini Helsinki, yenye vitabu na vyerehani pia. Tumeingia sauna, chumba chao cha kuoga joto kali la mvuke; waliotoka mbio hatutawataja. Na tangu turudi, bustani ya maua mbele ya ofisi imeleta mapinduzi kamili ya mazingira ya kujifunzia.

Lakini Mheshimiwa, kilichotunyima usingizi ni chakula cha mchana. Watoto wanapanga foleni, kila mmoja anajipakulia viazi, samaki, kabichi, mkate mweusi wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na glasi ya maziwa. Mwalimu anakula nao meza moja. Hakuna mzazi anayedaiwa. Tukadhani ni utajiri. Kumbe sheria yake ilipitishwa 1943, nchi ikiwa vitani, halmashauri zikapewa miaka 5 kujiandaa. Mwaka 1948 chakula cha bure kikawa lazima, na nchi ilikuwa bado inalipa Umoja wa Kisovyeti fidia ya vita.

Sisi hatuna fidia ya kulipa. Tuna mafiga matatu chini ya mwembe. Mvua ikinyesha moto unazimika, uji hauivi, na darasa la kwanza wanarudi nyumbani na vikombe vitupu.

Si kwamba jiko halijaanza. Jiwe la msingi liliwekwa, kwa ngoma na vigelegele, na mgeni rasmi tunayemheshimu sana. Jina lake linasomeka vizuri, maana hakuna kilichojengwa juu yake. Saruji na mabati vilikuwa vije "wiki ijayo". Aliyemfuata akaahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake. Wazazi walishasomba mchanga na mawe kwa vichwa vyao. Mchanga umechukuliwa na mvua, mawe wanayakalia watoto wakisubiri uji.

Tunaomba saruji ya kupandishia kuta, mabati, na majiko banifu mawili. Mahindi na maharage wazazi wamekubali kuchangia. Samaki hatuombi.

Kwa ridhaa yako, Mheshimiwa, katibu amefungua daftari jipya la ahadi, lenye safu ya tarehe. La zamani halikuwa nayo. Tutafurahi ukilijaza kabla pilau haijapakuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.