Asante kaka wa Mikumi
Kaka uliyenisaidia pale Mikumi na lori la dizeli la zamani, jina sikukuuliza ila Mungu akuzidishie sana. Mafundi wote walikuwa wanasema betri zinakata kwa sababu oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri injini ikiwaka, imekufa ninunue mpya, wewe ukatoa mita ukapima injini inanguruma ukakuta volti 24 na kidogo wakati ikichaji inatakiwa isome kama 28, fenibelti fresh, waya fresh, ukasema zima, weka swichi on tu, mbona taa ya betri haiwaki? Kumbe balbu imeungua na kwenye haya magari ya zamani umeme wa kuiamsha oltaneta unapitia hapohapo! Balbu mpya, mita ikapanda 27.8, na hela ukakataa. Viazi vimefika Dar salama kaka, asante mno.